Asiyekuwapo na Lake Halipo

Wahenga wetu walisema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Msemo huu tumeuzoea katika mambo ya shughuli na mirathi: ndugu aliyekuwa safarini hugaiwa kipande cha shamba kilichokataliwa na wenziwe, na mgeni aliyechelewa hukuta sinia limebakia mifupa. Leo tunautumia katika jambo zito zaidi. Nalo ni jambo la mtu aliyeshitakiwa kwa kosa la jinai, ambaye badala ya kupelekwa mahakamani huwekwa mbele ya kioo katika chumba cha gereza, akamuona hakimu kwa picha na hakimu akamuona yeye kwa picha. Na pengine picha yenyewe haipo, husikika sauti tu.

Utaratibu huu si hadithi ya nchi za mbali. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoingia, Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam, iliwasikiliza kwa njia ya video mahabusu waliokuwa katika magereza ya mji ule. Mwaka 2021 Tanzania Bara ikatunga kanuni za kuendesha mashauri kwa masafa na za kurikodi mwenendo kwa njia ya elektroniki, zikatolewa kwa Tangazo la Serikali Namba 637. Maradhi yakapungua, video ikabaki. Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na ina sheria yake ya mwenendo wa jinai, Sheria Namba 7 ya mwaka 2018; lakini upepo unaovuma Bara haukawii kufika Forodhani. Kwa hivyo tunaandika kwa ajili ya wale wenye dhamana ya kutunga kanuni za namna hii katika visiwa vyetu, kuzirekebisha na kuzitumia. Na tunaandika kwa ajili ya wananchi, ambao siku moja wao au watoto wao wanaweza kuambiwa wakae mbele ya kioo hicho.

Hapana budi tuanze kwa kuutaja wema wa chombo hiki, maana kukidharau kitu chenye manufaa ni ujinga kama ulivyo ujinga kukisujudia. Sisi ni watu wa visiwa. Mtu wa Tumbatu huvuka bahari hadi Mkokotoni kabla hajapanda gari ya kumpeleka mahali pengine popote. Mtu wa Kojani ndiyo hali yake, na wa Fundo, na wa Makoongwe. Shahidi wa Pemba anayetakiwa Unguja hulipa nauli ya boti, hutafuta pa kulala, huacha karafuu juani na watoto nyumbani, na wakati wa kusi hajui kama kesho atasafiri au hatasafiri. Daktari huacha wagonjwa wamepanga foleni ili aende akaseme maneno ambayo angeweza kuyasema kutoka hospitali kwake. Serikali nayo hutoa gari, mafuta na askari kwa ajili ya shauri ambalo siku hiyo linatajwa tu, likaahirishwa kabla kiti cha hakimu hakijapata joto. Katika mambo kama haya video ni neema, na anayeipinga yote kwa jumla hajapata kungoja boti bandarini Mkoani.

Hata hivyo, neema ya shahidi na daktari ni jambo moja, na hali ya mshitakiwa ni jambo jengine. Shahidi akishasema hurudi kwao. Mshitakiwa ndiye anayengoja kuambiwa kama atarudi kwao au hatarudi. Neno letu leo ni hili: chombo hiki kitumike, lakini mshitakiwa aulizwe kwanza, aulizwe kwa namna ambayo anaweza kujibu hapana, na zipo siku katika maisha ya kesi ambazo asiulizwe kabisa, bali aletwe mwenyewe kwa miguu yake.

Tutatoa kisa kidogo tulichokishuhudia. Miaka michache iliyopita tulikaa katika ukumbi wa mahakama moja ya visiwa hivi tukifuatilia shughuli nyengine. Aliletwa kijana mmoja mahabusu, na kesi yake ilikuwa ya kutajwa tu. Karani alisoma jina, mwendesha mashitaka akasema upelelezi haujakamilika, na hakimu alikwisha kushika kalamu aandike taarikh nyengine. Kisha akainua macho. Kijana alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, mkono ameushika ukingo wa kizimba. Hakimu akamuuliza ana nini. Kijana akamtazama askari aliyekuwa nyuma yake, akanyamaza. Hakimu akamwambia akunje suruali. Mguu ulikuwa umevimba na ngozi yake imebadilika rangi. Hatukuambiwa sababu yake, wala hatumtuhumu mtu. Lakini hakimu aliamuru pale pale apelekwe hospitali na taarifa ya daktari iletwe mahakamani. Mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma, ametoka shamba tangu alfajiri. Alipotoka nje maneno yake yalikuwa mawili tu: "Nimemuona."

Tumelifikiria jambo lile mara nyingi. Shauri lenyewe halikuchukua dakika tano, na mtu wa hesabu angesema kwamba safari ile ilikuwa upotevu wa mafuta. Lakini kioo huonesha kichwa na mabega. Lau kijana yule angekuwa kwenye kioo, hakimu angeona uso, angeandika taarikh, na mguu ungebaki na siri yake. Mama naye asingemuona mwanawe.

Desturi ya kumleta mtu mwenyewe haikuanza jana. Katika sheria ya Kiingereza, ambayo mahakama zetu zimerithi mengi kutoka kwake, ipo amri mashuhuri iitwayo Habeas Corpus, iliyotiliwa nguvu na Bunge la Uingereza kwa sheria ya mwaka 1679. Maneno hayo ni ya Kilatini, na maana yake ni kwamba yule anayemshikilia mtu awe na mwili wake, yaani aulete mbele ya jaji. Hawakutaka barua wala taarifa ya mkuu wa gereza. Walitaka mwili, kwa sababu walijua kwamba mtu anayeshikiliwa na mwenye nguvu hawezi kusema yote kwa mdomo, lakini mwili wake husema. Na ndiyo maana ya kumfikisha aliyekamatwa mbele ya hakimu upesi: hakimu apate kumuona angali na alama za alikotoka.

Wala jambo hili halikuanzia kwa Waingereza. Sisi tuliosoma chuoni kabla ya kuingia skuli tulifundishwa barua ya Sayyidna Umar kwa Abu Musa al-Ash'ari, aliyekuwa kadhi wake, ambamo alimuagiza awasawazishe watu katika uso wake na katika kikao chake, mnyonge asikate tamaa ya uadilifu wake na mwenye nguvu asiitumai dhulma yake. Tulifundishwa pia kisa cha Nabii Daud katika Surat Sad, walipomwendea watu wawili waliogombania kondoo, akatoa neno baada ya kumsikiliza mmoja, kisha akatanabahi na akaomba msamaha kwa Mola wake. Mafunzo haya tunayataja kwa sababu yanagusa kitu hiki hasa: uso na kikao. Ikiwa mwendesha mashitaka yumo ukumbini, karibu na hakimu, na mshitakiwa yumo katika chumba cha ukuta mtupu maili kadha wa kadha, basi kikao kimekwisha kupinda kabla ya neno la kwanza kusemwa.

Huenda wakubwa watatuambia kwamba hizi ni hisia, na kwamba hakimu mwadilifu huamua sawasawa ikiwa mtu yuko mbele yake au yuko kwenye kioo. Nasi tungependa iwe hivyo. Lakini wako waliojaribu kabla yetu, na mambo yaliyowafika yameandikwa. Katika wilaya ya Cook, ambamo umo mji wa Chicago, Marekani, mahakama ilianza mwezi wa Juni 1999 kusikiliza maombi ya dhamana ya makosa mengi makubwa kwa njia ya televisheni, mshitakiwa akiwa chumba cha chini na hakimu akiwa ukumbini. Wataalamu waliolichunguza jambo hilo, wakatoa taarifa yao mwaka 2010, walikuta kwamba kiwango cha dhamana katika makosa yaliyoingizwa kwenye utaratibu huo kilipanda kwa wastani wa asilimia 51, na yale yaliyoendelea kusikilizwa uso kwa uso hayakupanda hivyo. Watu walikwisha kushitaki juu ya utaratibu huo, na mwisho wa mwaka 2008 ukaachwa. Sheria haikubadilishwa wakati huo. Kilichobadilika ni kwamba mtu aligeuzwa kuwa picha.

Waingereza nao mwaka 2009 walifanya jaribio la namna hiyo London na Kent, wakiviunganisha vituo vya polisi na mahakama kwa video. Serikali yao wenyewe ilipotoa tathmini yake mwaka 2010, ilionekana kwamba katika jaribio lile waliokiri makosa walikuwa wengi zaidi, waliopewa vifungo walikuwa wengi zaidi, na gharama, iliyokuwa ndiyo sababu ya kuanzisha jambo lenyewe, ilikuwa kubwa zaidi kuliko ile ya utaratibu wa kawaida. Tunawaomba watendaji wetu wa fedha waisome sentensi hii mara mbili. Yako mambo ambayo mtu huyafanya ili aokoe shilingi, akaishia kupoteza shilingi na haki pamoja.

Je, maana yake ni kwamba kanuni nzuri haiwezekani? Inawezekana, na ipo nchi moja ambayo hali yake, kwa umbali, ni ngumu kushinda yetu. Kanada ina jimbo la kaskazini liitwalo Nunavut, nchi ya barafu yenye visiwa vingi na makazi 25 ambayo hayana barabara ya kuyaunganisha. Mahakama ya huko husafiri kwa ndege kutoka kijiji hadi kijiji. Kama ingekuwapo nchi yenye udhuru wa kuwahukumu watu wote kwa kioo, ingekuwa ile. Lakini Bunge la Kanada lilipoirekebisha Sheria ya Jinai, kwa mabadiliko yaliyopitishwa Disemba 2022 na kuanza kutumika Januari 2023, liliweka kwanza msingi: isipokuwa pale sheria inaporuhusu vyengine, kila anayehudhuria shauri la jinai, hata jaji mwenyewe, ahudhurie kwa nafsi yake. Umbali ukafanywa kuwa ruhusa, haukufanywa kuwa kawaida.

Kisha likaeleza ruhusa hiyo inatolewaje. Mahakama itazame hali ya mshitakiwa na mahali alipo, itazame kama mahali atakapokaa panafaa, ipime uzito wa kosa, na ipime haki yake ya kusikilizwa kwa uadilifu na hadharani. Katika kuisikiliza kesi yenyewe, video hutumika kwa ridhaa ya mshitakiwa na ya mwendesha mashitaka, na pale ambapo baraza la wazee wa mahakama linasikiliza shahidi, mshitakiwa hawekwi kwenye kioo. Asiye na wakili, hakimu lazima atosheke kwamba ataweza kuyafahamu yanayopita. Mwenye wakili apewe nafasi ya kuzungumza naye faragha. Hizi si kanuni za watu wanaochukia mitambo. Ni kanuni za watu wanaojua kwamba mitambo haina haya, na kwa hivyo sheria ndiyo inayopaswa kuwa na haya kwa niaba yake.

Jambo hili la faragha na wakili limepata kufika mbele ya Mahakama ya Haki za Binaadamu ya Ulaya. Mwaka 2006, katika shauri dhidi ya Italia, Mahakama hiyo ilisema kwamba kuhudhuria kwa video peke yake si dhulma, maana mshitakiwa yule alikuwa na wakili na walikuwa na njia ya kuzungumza bila ya kusikilizwa. Lakini mwaka 2010, katika shauri la Sakhnovskiy dhidi ya Urusi, ilihukumu vyengine. Mfungwa alikuwa Novosibirsk, mahakama ya rufaa ilikuwa Moscow, zaidi ya kilomita 3,000. Alipewa wakili mpya, akapewa dakika 15 za kuzungumza naye kwa video ile ile iliyofungwa na Serikali, kisha rufaa ikaanza. Ikaamuliwa kwamba huo haukuwa msaada wa wakili, kwani mtu hawezi kumfungulia moyo wakili asiyemjua, kwa dakika chache, kupitia chombo ambacho hana hakika nani mwengine anakisikiliza. Tukifikiri vizuri tutaona kwamba hukumu hii ingeweza kuandikwa kwa ajili ya kijana wa Micheweni.

Na dunia imekwisha kuona mbali zaidi ya hapo. Mwezi wa Mei 2020, wakati wa korona, mtu mmoja Lagos, Nigeria, na mwengine Singapore walihukumiwa kifo kwa njia ya Zoom. Yule wa Singapore Mahakama ya Rufaa ilimwachia huru mwaka 2022, kwa sababu zilizohusu ushahidi. Hatusemi kwamba video ndiyo iliyokosea katika hukumu ile ya kwanza. Tunasema kwamba mtu alisomewa kifo kupitia chombo ambacho watu walikitumia wiki ile ile kwa mikutano ya biashara na salamu za jamaa, na kwamba yapo maneno ambayo anayeyatamka lazima awe tayari kumtazama machoni yule anayetamkiwa.

Hapa petu pia suala limekwisha kuulizwa. Mwezi wa Aprili 2025, katika kesi ya uhaini iliyokuwa Kisutu dhidi ya kiongozi wa chama kimoja cha upinzani, ilipangwa kwamba mshitakiwa ahudhurie kwa video kutoka gerezani, naye akakataa, akitaka aletwe ukumbini. Mwezi wa Mei mahakama iliamuru aletwe, akaletwa. Hatuingii katika kesi yenyewe, na mwelekeo wetu wa siasa unajulikana. Lakini kwa insafu tunasema kwamba haki aliyoidai yeye haina chama. Kama mtu mashuhuri, mwenye mawakili wengi na macho ya dunia juu yake, aliona kwamba kioo kinampunguzia kitu, basi mvuvi asiye na wakili, ambaye jina lake halijulikani zaidi ya mtaa wake, kinampunguzia mangapi?

Tunajua kwamba wako watakaotukumbusha watoto. Na wana haki ya kutukumbusha, maana visiwa vyetu vina msiba wa kesi za udhalilishaji, na si siri kwamba baadhi yake huanguka kwa sababu mtoto amesimamishwa mbele ya yule aliyemdhulumu, akalia, na maneno yasitoke. Kumkalisha mtoto huyo katika chumba cha pembeni akasema kupitia video ni huruma na ni busara. Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, nchi ambayo katiba yake inampa mshitakiwa haki ya kukabiliana na mashahidi wake, iliruhusu jambo hilo mwaka 1990, kwa sharti kwamba ithibitike kuwa mtoto huyo hasa atadhurika. Lakini hoja hii tuielewe inavyokwenda. Hapo anayeondolewa ukumbini ni shahidi, kwa udhaifu wake na kwa sababu iliyothibitishwa. Haiwezi kugeuzwa ikawa sababu ya kumuondoa mshitakiwa kwa wepesi wa ofisi.

Sasa tuseme wazi tunachokitaka, maana lawama bila ya shauri ni kelele.

Kwanza, siku ya mwanzo ya mtu kufikishwa mbele ya hakimu baada ya kukamatwa, aletwe mwenyewe. Siku hiyo ndiyo siku ya mguu uliovimba. Vile vile aletwe mwenyewe siku ya kujibu shitaka kubwa, siku za kusikiliza mashahidi, na siku ya hukumu. Siku za kutajwa na kuahirishwa, kama hana malalamiko na ameridhia, kioo kinatosha, lakini isipite miezi mingi bila ya hakimu kumuona mzima mzima.

Pili, ridhaa iwe ridhaa. Mahabusu anayeulizwa na askari, ndani ya Chuo cha Mafunzo, kama anakubali kutumia video, hajaulizwa. Aulizwe na hakimu mwenyewe, aelezwe kwa Kiswahili chepesi kwamba anaweza kukataa na kwamba kukataa hakutamuongezea siku wala adhabu, na jibu lake liandikwe katika jalada.

Tatu, wakili wake, kama anaye, awe na njia ya kuzungumza naye ambayo haisikilizwi na mtu, kabla ya shauri na katikati yake. Na kwa kuwa wengi katika mahakama za chini hawana wakili kabisa, hakimu awe na wajibu wa kusimama kila baada ya hatua na kumuuliza amefahamu nini, wala asiridhike na mtu kutikisa kichwa.

Nne, chumba anachokaa kijulikane. Hakimu aoneshwe chumba kizima kabla ya kuanza, aambiwe ni nani aliyemo na kwa nini. Mshitakiwa aonekane mwili wote akiwa amesimama, na yeye naye amuone hakimu, shahidi na wale waliokaa ukumbini. Asiachiwe kutazama nembo ya Taifa ukutani huku sauti zikimfikia bila ya kujua ni za nani. Simu ya sauti tupu isitumike kwa jambo lolote linalogusa uhuru wake, ila kuambiwa taarikh.

Tano, kanuni iseme nini kinatokea mawasiliano yakikatika. Watu wa Unguja hatuhitaji kufundishwa somo hili. Waya wa umeme wa chini ya bahari ulipoharibika, tulikaa kiza kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Na Mei 2024 nyaya za mtandao zilizopita baharini ziliharibika, na Afrika Mashariki nzima ikapwelewa kama jahazi wakati wa maji mafu. Kwa hivyo iandikwe kwamba picha au sauti ikipotea shauri linasimama, lililosemwa wakati huo linarejewa, na ikishindikana mshitakiwa analetwa. Isiwe kila anaposema "sisikii" anaambiwa asubiri, na shauri linaendelea.

Sita, mlango wa mahakama ubaki wazi. Wazazi, majirani na waandishi wawe na mahali pa kukaa na kuona yote anayoyaona hakimu. Mahakama isiyoonekana na watu huanza kwa kuokoa muda na humalizia kwa kuzoea siri.

Watendaji watatuuliza fedha zitatoka wapi. Swali hilo ni halali, na tunalijibu kwa swali: hivi sasa anayelipa ni nani? Safari ya gari kutoka Chuo cha Mafunzo ina bei yake, inaandikwa katika vitabu na mkaguzi anaiona. Mwezi mmoja wa mtu asiye na hatia kukaa mahabusu haujaandikwa katika kitabu chochote cha Serikali, lakini umelipwa: mkewe ameuza cherehani, mwanawe ameacha skuli, shamba lake limeota magugu. Deni hilo hulipwa na mwananchi, na kwa kuwa halionekani katika bajeti, ni rahisi kulisahau. Tunasema lihesabiwe nalo. Na zile fedha zitakazookolewa kwa kuwaacha madaktari na mashahidi wa mbali watumie video, zitumike kununulia mafuta ya kumleta mshitakiwa.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika Ibara ya 13, inampa kila mtu ambaye haki zake zinaamuliwa na mahakama haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Neno hili "ukamilifu" halikuwekwa kupamba sentensi. Mtu kamili ana sauti, ana uso, na ana miguu pia.

Tunatoa mwito kwa wenye dhamana ya sheria katika visiwa hivi: kanuni zikitungwa, zitungwe kwa kuwashirikisha mawakili, maofisa wa Vyuo vya Mafunzo, masheha, na wale waliowahi kukaa mahabusu, maana hao ndio wanaojua chumba kile kina harufu gani. Na tunawaomba wananchi wasingoje mpaka jamaa yao akamatwe ndipo waanze kuuliza. Kesi ya jinai haipigi hodi mara mbili.

Yule bibi wa benchi la nyuma alitumia siku nzima na nauli ya kwenda na kurudi kwa dakika tano. Tungeweza kumwambia kwamba dunia imeendelea, na kwamba sasa anaweza kukaa nyumbani kwake. Tunaamini angetusikiliza kwa adabu, kisha angetuuliza suali moja tu, nalo ndilo tunalowaachia wakubwa wetu walijibu kabla hawajatia saini: huko kwenye kioo, mwanangu nitamuona mpaka wapi?